Kiwanja Nilichokiua kwa Kalamu

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nakupa kwa ufupi. Mimi ni Audax, mtoto wa Ntobeye, wilaya ya Ngara, niliyesomea urubani Soroti kule Uganda. Mwaka 1977 shirika la ndege la nchi tatu lilipovunjika nilirudi nyumbani na sanduku moja na daftari langu la saa za kuruka. Nikasota miezi mitano. Kisha nikaokotwa na Shirika la Anga la Kanda ya Ziwa, Mwanza, nikawa rubani msaidizi. Mistari mitatu begani, na uchu wa mstari wa nne.

Wiki zote zilizopita nimewalaumu watu. Nimemlaumu mkuu wangu, nimelaumu siasa, nimemlaumu hata marehemu baba. Wiki hii sina wa kumlaumu. Kama una chakula mdomoni, meza kwanza, maana hii inatia kinyaa.

Machi 1978, Mkuu wa Marubani, ndugu Celestini, aliniita ofisini. Mtu wa tumbo, suti ya Kaunda, kalamu tatu mfukoni na hata moja haina wino.

"Audax, keti. Shirika linapanuka. Njia sita mpya kabla mwaka haujaisha. Unajua maana yake?"

"Makapteni sita wapya, mkuu."

"Umesema mwenyewe. Na njia moja ni ya kwenu. Mwanza mpaka Nyakahura, baadaye ifike Ngara. Kijiji cha ujamaa cha pale kinachonga kiwanja kwa nguvu zao. Mwezi wa saba utakwenda kukikagua. Kikifaa, njia inafunguliwa, na kapteni wake ni wewe."

Nilitoka pale sijui nakanyaga wapi. Kantini niliwanunulia bia hata watu nisiowajua majina. Gazeti lilikuwa limeshaandika kwamba anga ya wakulima imefunguka, na mimi nililikata lile gazeti nikaliweka ndani ya daftari langu la saa.

Akaja Kapteni Protasi, mzee aliyenifundisha kutua na upepo wa ziwa ubavuni. Hakuchukua bia yangu.

"Wanakupongeza kwa nini?"

"Nakuwa kapteni, mzee."

"Wa ndege gani?"

"Ile ya viti tisa."

Akacheka cheko baya, akavuta kiti.

"Sikiliza, mwanangu. Njia mpya ni sherehe kwa Shirika na kwa magazeti. Kwa rubani inategemea ni njia gani. Ya porini unatia sahihi miaka minne. Saa za kindege kile hazihesabiwi ukitaka kurudi kwenye ndege kubwa. Utatua kwenye majani miaka minne, utarudi na mstari wako wa nne, na watakwambia huna uzoefu. Ile kozi ya ukapteni wa ndege kubwa, ya Uholanzi, jina lako lipo?"

"Lipo. Namba mbili, na nafasi ni mbili."

"Lipo kwa sababu leo wewe ni msaidizi kwenye ndege ya viti arobaini. Siku unahamia kindege, linafutwa, anapanda namba tatu. Namba tatu ni nani?"

Nilijua ni nani. Alikuwa shemeji yake Celestini. Ndipo nikauelewa ule ukarimu wote wa "Audax, keti".

"Basi nikatae, mzee."

"Ukatae njia ya kwenu? Watasema umekataa kuwatumikia wananchi. Hutafika saa sita mchana na kazi yako."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwombe Mungu kiwanja kiwe kibaya," akasema, akainuka kwenda zake.

Mzee alikuwa anatania. Mimi sikuchukua kama utani.

Mwezi wa saba nikaenda Nyakahura na Landrova ya Shirika. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba wangu Ildefonce, ndugu wa tumbo moja na mama. Huyu ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli yake kunipeleka seminari nilipokuwa na miaka kumi na mbili, siku mbili njiani, tukilala kwa watu. Watoto wake mwenyewe hakuna aliyepita darasa la saba. Nilipofaulu mimi, alisema imetosha, nyumba ina msomi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Njoo uone."

Nikaona. Mita elfu moja na mia mbili, zimenyooka, vichuguu vyote vimeng'olewa mpaka mizizi. Kando walikuwa wamechimba mifereji ya maji ya mvua na kupanga mawe yaliyopakwa chokaa. Nimetua kwenye viwanja vya wilaya vilivyochongwa na makandarasi wenye vyeti ukutani, na vingi havikufika nusu ya kile.

"Greda mlipata wapi?" nikauliza.

"Greda gani? Tuliahidiwa, hatukuliona. Tulingoja masika, udongo ukalowa barabara, tukaleta ng'ombe. Mia nne, wa kijiji chetu na wa jirani. Tukawapitisha huku na huku, asubuhi mpaka jioni, wiki tatu. Akina mama nyuma wanaokota samadi na kusawazisha kwa jembe. Kiangazi kilipoingia kikakausha. Si ndivyo tunavyotengeneza uwanja wa kupuria ulezi? Tumefanya uwanja wa ulezi mrefu kidogo."

Watu wakacheka. Nikachukua nondo niliyokuja nayo, nikaisukuma ardhini kwa uzito wangu wote. Ikaingia vidole vinne ikagoma. Nikajaribu mahali kumi, kumi na tano, nikitafuta angalau sehemu moja ya tope inirahisishie kazi. Hakukuwa na tope. Nikapanda Landrova, nikaikimbiza kutoka mwanzo hadi mwisho mguu ukiwa chini kabisa. Usukani haukutikisika.

Niliposhuka, kijiji kizima kilikuwa kimenizunguka. Mjomba akavua kofia.

"Je, mjomba? Ndege itatua?"

"Itatua, mjomba," nikasema. "Hata kubwa kuliko ile wanayotaka kuleta."

Vigelegele vikapigwa. Bibi mmoja akanishika mkono akaniuliza kama mjukuu wake mwenye moyo mbovu ataweza kupelekwa hospitali kubwa ya Mwanza kwa saa moja badala ya siku mbili. Nikamwambia ataweza. Nasema kweli tupu kwa mdomo, na kichwani tayari nimeshaanza kuandika uongo.

Mke wa mjomba, Bonifasia, alikuwa ametengeneza pombe ya mtama. Chungu kiliwekwa katikati, mirija ikachomekwa. Mjomba akanywa kidogo, akanigeuzia mrija wake mwenyewe. Kwetu humgeuzii mrija wako mtu unayemtilia shaka. Nikapokea nikanywa. Ilikuwa tamu, nikanywa tena. Hata sasa nikiikumbuka ladha ile natema mate.

Ripoti niliiandikia Mwanza, chumbani kwangu, mwandiko mzuri wa seminari. Sikuandika kwamba kiwanja ni kifupi, maana kamba ya kupimia ingenisuta. Sikuandika kwamba kina mashimo, maana macho yangenisuta. Nikaandika kitu ambacho hakuna mwenye kamba wala macho angeweza kukikanusha.

"Uso wa kiwanja umeshindiliwa kwa kwato za ng'ombe na si kwa mashine. Juu kuna ukoko mgumu. Chini yake ni udongo wa bonde wenye tope. Ndege yoyote itakayotua itazamisha gurudumu la mbele. Kiwanja ni cha hatari na hakifai."

Celestini aliisoma ripoti mbele ya maofisa wengine watatu. Alipofika kwenye ng'ombe akaishusha karatasi.

"Ng'ombe? Audax, hawa watu wa kwenu wanataka tutue zizini?"

Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja akalia kama ndama. Hakuna hata mmoja aliyesema twendeni tukatazame. Wamevaa suti, wameshiba, wanasema kila siku "nguvu za wananchi, nguvu za wananchi", na nguvu zenyewe zilipowekwa mezani wakazicheka. Walinichefua. Kisha nikajisikia na mimi nacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Niliona nimeshinda. Njia ya Nyakahura ikafutwa, mimi nikabaki kwenye ndege ya viti arobaini na jina langu kwenye orodha ya Uholanzi. Nililala vizuri wiki sita.

Mwezi wa tisa Celestini akaniita tena. Safari hii hakuniambia niketi.

"Njia ya Nyakahura ndiyo iliyokuwa inabeba zile nyingine tano mpya," akasema. "Imekufa, nazo zimekufa. Ndege mbili ndogo zilizokuwa zinakuja tumezisimamisha. Makapteni waliokuwa wahamie huko wanabaki walipo. Kwa hiyo hakuna anayepanda."

"Naelewa, mkuu."

"Na kama juu hakuna anayepanda, chini tumejaa. Wasaidizi sita wanapunguzwa. Wewe ni mmoja wao."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Na Uholanzi?"

"Anakwenda namba tatu."

"Mkuu, mimi ndiye niliyeahidiwa ukapteni."

"Wa njia gani? Si umetuandikia mwenyewe kwamba kiwanja hakifai? Tungekuwa na njia, ungekuwa na kazi."

Kumbe tawi nililolikata ndilo nililokuwa nimelikalia. Njia zikifunguka, kila rubani anasogea juu, hata kama wengine wanasogezwa porini. Zikifungwa, wa kwanza kuanguka ni msaidizi. Ningekwenda Nyakahura ningekuwa kapteni wa kindege, nadharauliwa na wenye ndege kubwa, lakini nina kazi. Sasa nilikuwa na daftari la saa na nauli ya meli ya kwenda Bukoba.

Nikarudi Ntobeye. Watu wakaniuliza nimekuja likizo, nikasema ndiyo. Likizo ikafika mwezi. Nikaanza kwenda Kabanga mpakani kuchukua sabuni na vitenge vya Burundi, nikiuza kwa baiskeli kijiji hadi kijiji, nimevaa suruali ya urubani kwa sababu sikuwa na nyingine nzima. Wabadilisha fedha wa Kabanga walinipa jina. Wakiniona tu: "Kapteni, leo umetua na sabuni ngapi?" Nikawachekea. Ningefanya nini?

Mwisho wa Oktoba redio ikatangaza kwamba majeshi ya Amin yamevuka. Siku chache baadaye watu wa kaskazini wakaanza kushuka, na vitoto, na mbuzi, na magodoro kichwani. Mjini Biharamulo kiwanja kilibanwa na shughuli za jeshi. Nyakahura wakimbizi walijaa mpaka kwenye madarasa ya shule. Wakaanza kuhara, na barabara kwa mvua za Novemba ilikuwa uji.

Asubuhi moja Landrova ya kijeshi ikasimama nyumbani kwa mama. Koplo akashuka na bahasha.

"Wewe ndiye rubani Audax? Soma."

Nikasoma nimesimama uani, mikono inanuka sabuni. Marubani wote waliopunguzwa wanarudishwa kazini. Vita vimeongeza safari za ndege na watu hawatoshi. Niripoti Mwanza Jumatatu, cheo kapteni.

Mama akapiga magoti palepale akashukuru kwa Kihangaza. Mimi nikakimbilia ndani, nikavaa koti langu la mistari.

"Lakini kwanza tunapitia Biharamulo," akasema koplo. "Kuna jambo dogo la kutoa ushahidi. Afande anataka kukuona."

Njia nzima niliimba kimoyomoyo. Tulipopita Nyakahura niligeuza shingo upande wa pili nisikione kiwanja. Ila nilikiona. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne na hapakuwa na dimbwi hata moja juu yake.

Biharamulo tukaingia kwenye ghala la pamba, ambalo wanausalama walikuwa wameligeuza ofisi ya muda. Luteni mmoja aitwaye Kazimili alikuwa nyuma ya meza, kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mbele yake, juu ya robota la pamba, amekaa mjomba Ildefonce. Peku, hana mkanda.

Aliponiona uso ukamng'aa.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba, mjomba. Niliwaambia wakikuita utakuja." Akamgeukia luteni. "Afande, huyu ndiye niliyekutajia."

Luteni Kazimili akasukuma karatasi mezani. Nilijua ni nini kabla sijaigusa.

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Mzee huyu amekuja kwangu mara tatu. Anataka ndege ya dawa itue kwenye kiwanja chake. Anasema amekijenga mwenyewe, kigumu kama sakafu, na kwamba wewe ulikikagua ukakisifu. Nikaomba jalada Mwanza. Nakuta umeandika kwamba gurudumu litazama. Nimepeleka watu wangu, wanasema juu ni pagumu. Lakini wewe umeandika juu ni pagumu na chini ni tope, na mimi sina macho ya kuona chini ya ardhi, wala sitamtuma rubani wa jeshi akajaribu kwa shingo yake. Kwa hiyo ama mzee anataka kutuvunjia ndege, ama wewe uliandika uongo. Tuko vitani, ndugu. Na wewe ulisomea Soroti."

Hilo la Soroti alilisema polepole.

"Mwambie tu, mjomba," akasema mjomba Ildefonce. Alikuwa mtulivu kabisa. "Mwambie ulivyotuambia siku ile mbele ya watu. Watoto pale shuleni wanakufa. Jana tumezika wanne."

Yalitakiwa maneno mawili: niliandika uongo. Ningeyasema, ndege ingetua jioni ile, mjomba angevaa mkanda wake arudi nyumbani. Na mimi barua ingechanwa, leseni ingechukuliwa, na huenda nisingetoka ghalani. Nilikuwa na bahasha mfukoni, nikaishika.

"Ripoti iko kama ilivyo, afande," nikasema.

Mjomba akanitazama. Hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini mjinga si yeye. Alinitazama usoni, akatazama koti, akatazama mkono wangu uliokuwa mfukoni. Nikaona kabisa anavyoelewa. Nilitaka anitukane. Nilitaka anirukie, wanajeshi watutenganishe, mambo yajulikane bila mimi kufungua mdomo.

Akageuka kwa luteni.

"Afande, mwache kijana aende. Anasema kweli. Siku ile aliniambia pembeni kwamba chini ni tope. Mimi ndiye niliyewaficha watu wangu. Walikuwa wamefanya kazi miezi minne, nikashindwa kuwaambia kwamba ni bure."

"Kwa hiyo ulijua ndege itazama?"

"Nilijua."

"Na ukaja kutuita mara tatu?"

Luteni Kazimili alitikisa kichwa kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. Akamwambia koplo ampakie mzee apelekwe Mwanza, kesi za namna hii zinamalizwa huko. Kisha akasimama akanipa mkono. Akasema jeshi linahitaji marubani wenye msimamo kama wangu, wasiopindisha karatasi kwa ajili ya ndugu.

Nikaupokea ule mkono.

Mjomba aliponipita, akiwa kati ya askari wawili, alisimama kidogo.

"Msalimie dada yangu," akasema. Dada yake ni mama yangu.

Nikatoka kwa mlango wa mbele. Bonifasia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ghala, kapu la ndizi za kupika mapajani, amelowa mvua. Alikuwa ametembea kutoka Nyakahura. Aliponiona aliinuka akaniamkia kwa mikono miwili kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake.

"Umefika, baba. Tulisema ukishafika wewe yatakwisha. Umewaambia?"

"Nimewaambia," nikasema.

Akapiga goti kunishukuru. Nyuma ya ghala nikasikia Landrova ikiwashwa.